Sanduku la matibabu ya wazee wetu linakauka. Tufanyeje lidumu?

Binti wa Kambi (Busia, Uganda)

Wapendwa, salaam. Naandika daftari la kikundi likiwa wazi mbele yangu na sijapata usingizi siku ya pili leo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha mtaa wetu hapa Busia. Nimekulia kambi ya polisi, marehemu baba alikuwa koplo, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu. Mnivumilie nikiwa mrefu.

Kikundi chetu kilianza kama vikundi vingi vya huku, yaani cha mazishi. Msiba ukitokea kila nyumba inatoa chake, turubai linafika, viti vinafika, masufuria yanatolewa stoo. Hapo hatujawahi kushindwa hata mara moja. Kabla jua halijazama fedha ya jeneza iko mkononi. Ila mtu yule yule akiwa hai, anaumwa, anahitaji shilingi 8,000 za dawa, hakuna anayepita na daftari.

Mwaka juzi nilimkuta mama yangu amekaa mkekani na wembe. Alikuwa na miaka 76. Alikuwa amegeuza kifuniko cha kopo la mafuta, ameweka juu yake kidonge cha presha, kidogo hivi, hakifiki hata punje ya mahindi. Anakibana kwa ukucha wa kidole gumba, anakata katikati, nusu moja anairudisha kwenye pakiti. Ungaunga uliobaki kwenye kifuniko akaulamba. Nikamuuliza, mama, unafanya nini? Akasema, "Za kituo cha afya zimekwisha tangu wiki ya kwanza. Hizi nimenunua, nataka zinifikishe mwisho wa mwezi." Pakiti ya vidonge 30 duka la dawa la kwetu ni hizo 8,000. Alikuwa hataki kunisumbua.

Baada ya wiki tatu akaanguka jikoni. Kiharusi. Picha ya kichwa, kitanda siku tisa, dripu, dawa, na gari la kwenda na kurudi: shilingi 1,430,000. Nimezilipa kwa kuuza cherehani na kukopa. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haushiki kikombe.

Basi nikasimama kwenye mkutano, nikalia mbele ya watu, nikasema tuanzishe sanduku la wazee. Zikajiandikisha nyumba 34, kila moja 10,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ya mwanzo tulikusanya 340,000 kila mwezi. Mwezi wa nne 310,000, halafu 280,000, 250,000, 220,000, na mwezi uliopita 190,000. Jumla 2,270,000. Tumetumia 2,058,000. Kati ya hizo, 1,370,000 zimekwenda kwa wazee watatu tu waliolazwa. Sandukuni zimebaki 212,000 na nyumba zimebaki 19.

Nyumba zote 34 zilizoingia zilikuwa na mzee anayeumwa tayari. Zisizo na mzee, au zenye mzee mwenye nguvu zake, zilisema "sisi tutaingia baadaye". Na wanaotoka sasa ni wale ambao mzee wao hajazidiwa mwaka huu. Wanaobaki ni wagonjwa peke yao, na fedha ya wagonjwa peke yao haitoshi.

Serikali inawapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini ni wenye miaka 80 na kuendelea. Mama amebakiza miaka miwili. Matibabu kwenye vituo vya serikali ni bure tangu 2001, na nawashukuru wauguzi wetu wa kituoni, wanatuhudumia vizuri. Dawa ikiisha, bure hiyo inakuwa karatasi ya kupelekea duka la dawa. Bima ya afya ya taifa tuliisubiri. Bunge lilipitisha muswada tarehe 31 Machi 2021, Rais hakuutia saini, na mpaka leo tunangoja. Kaka yangu anafanya kazi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Yeye anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara na ana kadi. Tunatenganishwa na lango la forodha tu.

Maswali yangu ni mawili. Hili sanduku letu tulifungeje lisivuje? Na ikija bima ya serikali ya wazee, nayo itaponaje ugonjwa huu huu?

Karani Mstaafu (Rukungiri)

Mama Binti, pole sana, na mpe mama pole zangu. Umeeleza vizuri kuliko watu wengi niliowasikia kwenye semina.

Mimi ni katibu wa engozi ya kijiji chetu. Kwa wasiotoka Kigezi: engozi ni machela ya kusuka, kama kikapu kirefu chenye miti miwili. Milima yetu haina barabara kila mahali. Mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanambeba begani mpaka hospitali, wakibadilishana kila mwinuko. Kila nyumba ni mwanachama. Huwezi kusema "kwangu hakuna mgonjwa, sibebi". Zamu yako ikifika unabeba, na siku yako ikifika unabebwa.

Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya jamii mwaka 1996 haikwenda kutafuta mtu mmoja mmoja. Ilisimama juu ya vikundi hivi hivi vya engozi. Watu waliingia kama kikundi, wazima na wagonjwa pamoja. Mpango ule umeishi miaka mingi, na mimi naamini ni kwa sababu hiyo kabla ya sababu nyingine yoyote.

Kosa lenu, naomba nilitaje kwa heshima, ni kwamba mmeweka mlango. Mtu akiachiwa achague siku ya kuingia, ataingia siku ambayo mzee wake ameshaanza kutetemeka. Ungekuwa wewe pia ungefanya hivyo. Msifungue daftari jipya. Lile la mazishi ambalo kila nyumba imo, liongezeeni mstari mmoja. Wakubali kwa kura ya mkutano mzima, na atakayekataa mstari wa wazee awe amekataa na wa turubai.

Jambo la pili, mmekubali kulipa mgonjwa wa kitandani bila kikomo. Watatu wamekula zaidi ya nusu. Wekeni kiwango kwa kila mzee kwa mwaka, kijulikane mapema, familia ijue itakapoanzia kuchangia.

Abdul wa Steji (Busia)

Mimi ni bodaboda hapa hapa Busia, kazi ambayo watu wanasema ilizaliwa kwenye mpaka wetu huu. Nimesoma nikiwa stejini nangoja abiria. Nauliza kwa moyo safi, dada yangu. Wazazi wangu wote wawili wamekwishatangulia. Mimi nina miaka 27. Natoa 1,000 kila siku kwa mfuko wa steji. Nikivunjika mguu kesho, sanduku lako la wazee litanijua? Kama halinijui, kwa nini nilijue mimi?

Binti wa Kambi

Abdul mdogo wangu, swali lako ni la haki na sina jibu la haraka. Nakujibu nikiwa nimefikiri.

Mlezi wa Waltham

Dada, pole. Mimi ni mtoto wa Jinja, sasa niko Waltham, Massachusetts. Waganda ni wengi mji huu, na wengi wetu kazi ni moja, kutunza wazee. Nimjibu Abdul kwa karatasi yangu ya mshahara.

Kila baada ya wiki mbili kuna mstari umeandikwa Medicare. Ndiyo bima ya serikali ya wazee ya hapa Marekani, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Mtu akitimiza miaka 65 anaingia. Mimi nakatwa asilimia 1.45, mwajiri wangu anaongeza 1.45 nyingine. Nina miaka 38 na sijawahi kulala hospitali usiku mmoja. Asubuhi namwogesha mzee wa miaka 88, namfunga vifungo vya shati, na kitanda chake cha hospitali mwezi uliopita kimelipwa kwa makato ya watu kama mimi. Hakuna aliyeniuliza kama baba yangu yuko hai. Wakiniuliza, nusu ya watu watatoka, na mfuko utakuwa kama wa Binti.

Lakini na huku wana wasiwasi, msidhani wamemaliza. Wakati mpango ulipoanza, nyuma ya kila mzee kulikuwa na wafanyakazi zaidi ya wanne wanaochangia. Leo hawafiki watatu. Ripoti ya wadhamini ya 2025 ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa hospitali itamalizika 2033. Wazee ninaowatunza wakisikia hivyo kwenye televisheni wanaogopa, wananiuliza kama watafukuzwa hospitali. Nawaeleza: kinachoisha ni akiba. Makato yanaendelea kuingia kila wiki, na kwa hesabu ya ripoti ile ile yangetosha karibu asilimia 89 ya gharama. Pengo ni asilimia 11. Ni kubwa, lakini linazibika: makato yakipanda kidogo, au malipo kwa hospitali yakibanwa, au bei za dawa zikishuka.

La bei za dawa ndilo lililonigusa mimi. Kwa miaka mingi Medicare ilizuiwa na sheria kubishana bei na kampuni za dawa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote, haruhusiwi kusema "punguza". Sheria ya 2022 ikamfungua mdomo. Dawa 10 za kwanza, nyingine za sukari, nyingine za kuzuia damu kuganda, zimeanza bei mpya Januari 2026. Na insulini, mzee wa Medicare halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi tangu 2023. Binti, nyinyi mnanunua vidonge pakiti moja moja, kila nyumba duka lake. Nendeni kama mnunuzi mmoja.

Na mjue jambo moja: Medicare hailipii kuishi nyumba ya wazee miaka na miaka. Inalipia matibabu. Wazee wengi wanalia hapo. Sanduku lenu nalo lisiahidi kila kitu.

Muuguzi Mbale

Nimeshika zamu ya usiku, naandika kwa kifupi.

Nimeona vidonge vilivyokatwa kwa wembe mara nyingi sana. Wanaokuja wamepooza, ukiuliza familia, wengi dawa ilisimama au ilipunguzwa. Binti, hesabu ya mama yako mwenyewe: 8,000 kwa mwezi ni 96,000 kwa mwaka. Kile kitanda kimoja cha siku tisa kingemnunulia dawa karibu miaka 15. Sanduku linalosubiri mtu aanguke ndipo lilipe, litafilisika tu, liwe la mtaa au la taifa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye vidonge. Mnunue mashine moja ya kupimia presha, ya mkono wa juu, si ile ya kifundoni. Mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwezi, aandike namba kwenye kadi. Mzee akae dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, asiwe ametoka shambani. Ikizidi 140 kwa 90 siku mbili tofauti, aende kituoni bila kungoja kichwa kuuma, maana presha haiumi. Na kituoni waende kwanza siku zote. Dawa ya serikali ikiwepo wachukue, sanduku linunue tu ile iliyokosekana.

Mama afanye mazoezi ya ule mkono kila siku, hata kukunja kitambaa kilicholowa. Usimfanyie kila kitu.

Mzalendo Tororo

Yote mazuri, ila nasikia harufu ya kodi. Ule muswada wa 2021 ulitaka mfanyakazi akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze 1, na sisi tuliojiajiri 100,000 kwa mwaka. Mimi nauza mitumba. Hiyo 100,000 nitaitoa wapi kwa mkupuo, na nikiitoa nitakuta dawa?

Karani Mstaafu (Rukungiri)

Mzalendo, hapo umeshika penyewe. Ndugu wa Waltham amesema kwao wafanyakazi kwa kila mzee wanapungua. Sisi ni kinyume: sensa ya 2024 imetuhesabu karibu milioni 46, na takriban nusu ni watoto chini ya miaka 18. Vijana wa kubeba machela tunao wengi. Tusichonacho ni karatasi za mshahara. Wengi wetu ni kama wewe na Abdul, na mtu asiye na karatasi ya mshahara utamkata wapi?

Waghana walipita njia nyingine. Sheria yao ya bima ya 2003 iliweka asilimia 2.5 juu ya bidhaa kama kodi ya ongezeko la thamani, ikaongeza makato ya wafanyakazi walio kwenye hifadhi ya jamii. Mwenye kununua anachangia kidogo kidogo bila kudaiwa 100,000 siku moja. Mwenye miaka 70 na zaidi halipi ada ya mwaka. Kwa maoni yangu hiyo inatufaa kuliko kumfukuza muuza mitumba na risiti.

Lakini wasikilizeni Waghana mpaka mwisho. Mwaka 2017 fedha ile iliwekewa kikomo, na sehemu ya kodi iliyokusanywa kwa jina la afya ikabaki kwa matumizi mengine ya serikali, huku hospitali zikidai malipo yao. Kikomo kimeondolewa 2025. Miaka minane ni mingi kwa mzee. Kwa hiyo nikiulizwa na mbunge wangu, nitamwambia: kabla hujaniambia asilimia ngapi, niambie fedha hiyo itakaa akaunti gani, na nani amekatazwa kuigusa. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na sisi hatujafika huko. Mtu aliyevunja ahadi moja anatakiwa kuonyesha funguo za sanduku kabla ya kuomba la pili.

Abdul wa Steji (Busia)

Mzee Karani, hilo la machela nimelielewa. Sisi stejini ndiyo machela siku hizi. Usiku nani anampeleka mzee kituoni? Ni sisi. Mara nyingi bure.

Binti wa Kambi

Nimerudi, na nimekaa na kalamu tangu alasiri.

Daftari la mazishi lina nyumba 112. Nimepita kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, tukahesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wanaotumia dawa za kila siku, za presha au za sukari au zote: 41. Kila nyumba ikitoa 4,000 kwa mwezi badala ya 10,000, ni 448,000. Dawa za wazee 41 kwa wastani wa 7,000 ni 287,000, na hapo nimehesabu kama vile kituoni hawatapata hata kidonge kimoja, wakati miezi mingine wanapata. Zinabaki 161,000. Nimeweka kikomo cha 150,000 kwa mzee anayelazwa, mara moja kwa mwaka. Inabeba mzee mmoja kila mwezi. Mwaka huu wamelazwa watatu kwa miezi minane, kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua. Ziada ya mwezi asipolazwa mtu haiguswi ila kwa safari za usiku nitakazozitaja hapa chini, inakaa SACCO kwa saini tatu, na ya tatu si ya kiongozi yeyote.

Nimekwenda maduka matatu ya dawa na karatasi ya wazee 41. Wawili walinipa bei ile ile. Wa tatu, binti mdogo hivi, aliitazama orodha kwa muda mrefu, akapiga simu kwa mwenye duka, akaniambia pakiti ya presha itakuwa 5,500 kama tutachukua zote siku moja na kulipa taslimu. Nilitoka pale miguu myepesi. Ndugu wa Waltham, Mungu akubariki.

Muuguzi, mashine nimeiulizia, tutainunua kwa zile 212,000 zilizobaki. Atakayepita nayo ni mjukuu wa jirani, amemaliza sekondari na yuko nyumbani. Nimemwambia zile dakika tano, ameziandika mkononi kwa kalamu.

Abdul. Mdogo wangu, nimefikiri hivi, na utaniambia kama si haki. Wewe na wenzako mtaingia kama nyumba nyingine. Kila mmoja atamtaja mzee mmoja, awe wa ukoo au yule aliyekulea au hata jirani, naye atakuwa kwenye orodha kwa jina lako. Ajali za barabarani sanduku hili haliwezi kuzibeba, tungefilisika mwezi wa kwanza na ningekuwa nimekudanganya. Lakini safari za usiku za kumpeleka mzee kituoni zitalipwa kuanzia sasa, 3,000 kila safari, kutoka hiyo hiyo ziada. Kazi hiyo mmeifanya bure muda mrefu.

Abdul wa Steji (Busia)

Nimekubali. Nitamtaja bibi anayetuuzia chai pale stejini, yule wa kitenge cha bluu. Hana mtoto. Anameza dawa za sukari, nimemwona.

Binti wa Kambi

Namjua. Nimemwandika, wa 42. Mkutano ni Jumamosi saa kumi jioni kwa mwenyekiti. Mzee Karani, naomba uniandikie maneno ya ule mstari wa kuunganisha wazee na turubai, nikayasome yalivyo, maana najua kuna watu wawili watapinga na nataka niwe nayo kwenye karatasi.